Nilimwonea Wivu Mdogo Wangu kwa Kukonda

Shangazi mpendwa, shikamoo. Nisaidie mawazo maana ya kwangu yameniishia, na huyu ninayetaka kukueleza ni mdogo wangu wa tumbo moja, niliyemwachia ziwa, tunalala chumba kimoja na tunafanya kazi duka moja la nguo, na tangu utotoni tulikuwa tunaazimana magauni kwa kuwa miili yetu ilikuwa sawa, wote wanene wa kiasi, mpaka miezi michache iliyopita alipoanza kupungua, Shangazi, kiuno kikaingia, mashavu yakaisha, shingo ikatoka, na kila anayeingia dukani anamwambia, "Umependeza, unatumia nini?" kisha ananigeukia mimi, "Na wewe dada mtu, unangoja nini?"

Bosi wetu akamtoa stoo akamweka mbele, anamvalisha nguo mpya na kumpiga picha za mtandaoni, mimi nimebaki nyuma na pasi na midoli ya kuonyeshea nguo, na hata midoli, Shangazi, ina viuno vya kunicheka. Nilimuuliza siri yake, akasema, "Dada, mbona mimi nakula kuliko wewe?" na kweli anakula, anamaliza sahani na kuongeza, tena anakunywa jagi zima la maji na muda si muda anataka jingine, chooni ndiyo haishi kwenda, nikajua tu siri ni maji na kuna dawa anameza kwa kificho, nikapekua mkoba wake nisione kitu, basi na mimi nikaanza kujaza tumbo maji na kuacha kula mchana, sasa kichwa kinazunguka, nalia ovyo, jana nimeunguza blauzi ya duka.

Lililonifanya nikuandikie ni hili. Aliomba ruhusa aende hospitali, anasema macho yanaona ukungu na miguu haina nguvu, bosi akanivuta pembeni akaniuliza kama ni kweli, nikamjibu, "Mgonjwa gani anapendeza hivyo? Amechoka na kazi tu," akanyimwa ruhusa, na mimi, Mungu anisamehe, nilijisikia vizuri. Nifanyeje aniambie siri yake, au nihame chumba? Namba yangu ya simu hiyo hapo chini, tafadhali usiichapishe.

Dada wa Stoo

*

Marahaba, binti yangu. Barua yako niliimalizia nikiwa nimesimama. Mimi si daktari, lakini mtu anayekula vizuri na bado anakonda, kiu haimkatiki, haja ndogo haimpi nafasi, macho yana ukungu, huyo hana siri yoyote. Huyo anaumwa. Kwa hiyo sikungoja zamu yako gazetini, nilikupigia hapohapo.

"Mdogo wako yuko wapi?"

"Amelala, Shangazi. Leo hakwenda kazini, anatapika."

"Mwamshe. Mpeleke hospitali sasa hivi, na mkifika usiwaambie amechoka. Waambie wampime sukari."

Ukaanza kunieleza habari za bosi na ruhusa. Nilikukatisha, wala sikuombi radhi.

Umeniruhusu niwaeleze wasomaji yaliyofuata. Alifika hajitambui vizuri, sukari imepanda mno. Ni kisukari, kile ambacho watu hudhani ni cha wazee peke yao. Alilazwa, akatundikiwa dripu, akaanzishiwa insulini, na sasa anafundishwa kujichoma sindano mwenyewe. Juzi ulinipigia ukaniambia mashavu yake yameanza kurudi, ukalia, nami nikakuacha ulie.

Sasa nikuseme kidogo. Ulilala chumba kimoja na mgonjwa ukaona kiuno tu. Uliona jagi likiisha ukaona mbinu ya urembo. Lakini hukuwa peke yako, maana wateja na bosi wako walimpongeza mwenzako kwa ugonjwa, wakakusimanga wewe kwa uzima wako. Maneno hayo yanauma, najua. Hata hivyo mwili wako haujakukosea lolote, wewe ndiye uliyeunyima chakula. Rudi kula mchana, leo, siyo Jumatatu. Hicho kizunguzungu kakipime, na kama kilio hakikomi mwambie daktari huyohuyo, kwa sababu hilo nalo linatibika. Bosi mweleze kwamba ulimdanganya, umwambie pia wazi kuwa mgonjwa akiomba ruhusa, anayeulizwa ni daktari, si dada yake. Na mteja mwingine akikuuliza unangoja nini, mjibu, "Nangoja uchague nguo."

Limebaki lile uliloniuliza kwa simu: mdogo wako anakushika mkono pale wodini, anawaambia wauguzi ni wewe uliyemwokoa, nawe hujui kama umwambie ya nyuma.

Mwambie. Usisubiri ayasikie dukani. Daktari akishasema ana nguvu za kutosha, kaa kitandani pake useme, "Ruhusa yako niliizuia mimi, kwa wivu." Ukomee hapo, usitie "lakini". Akikasirika, mwache akasirike. Akikufukuza, toka, na kesho yake urudi. Ila usije ukamlilia mpaka yeye ndiye aanze kukubembeleza. Mgonjwa ni yeye.