Siku Mtani Alipowashika Mbwa Wako

Bibi yangu, mke mwenzangu,

Arobaini yako tumeimaliza jana. Wageni wameondoka, masufuria ya kuazima yamerudi kwa wenyewe, na mimi nimekaa barazani kwako kwenye kigoda ulichokuwa unanikataza kukikalia. Leo hakuna wa kuniinua. Nimelia sana siku hizi, usidhani mke mwenzako ana roho ngumu, lakini tangu jana alasiri nacheka peke yangu mpaka mke wa Mjomba ameanza kunitazama kwa wasiwasi. Kuna neno nimelisikia. Nitakuambia, ila kwanza tukumbushane ile safari, maana miaka yote hii nilikuwa naikumbuka vibaya.

Unaijua ninayosema. Ile ya kuwatembeza mbwa kwa gari.

Nilikuwa darasa la tano. Vita ya kwenu Msumbiji ilikuwa imekwisha, watu walikuwa wanavuka Ruvuma kurudi makwao, na mdogo wako akakutumia salamu kwa mdomo wa mchuuzi mmoja wa vitenge: "Mwambieni dada arudi. Nyumba ya mama bado imesimama, nimemwekea chumba." Ulipozisikia uliendelea kupeta mchele ambao ulishaupeta. Wewe na Babu mlikuja Nachingwea mkiwa vijana, kufuata kazi ya Wazungu wa karanga, mkisema mtakaa msimu mmoja tu. Babu akazikwa hapa. Mama yangu naye akazikwa hapa. Sasa ndugu yako wa tumbo moja anakuita, ungesema nini? Ukasema, "Nitakwenda."

Nikakuuliza, na mimi je?

"Wewe una shule. Kule wanasoma Kireno. Utakaa kwa mjomba wako."

Ulisema hivyo ukiangalia pembeni. Siku ile ugali niliusukuma kando, Bibi. Sikuwa na mama, na wewe ndiye uliyenilea tangu nikiwa na meno mawili.

"Lakini siondoki kama mwizi," ukasema. "Nitaaga kila mahali palipokula jasho langu. Na mbwa wangu nao wataaga."

Mbwa wenyewe ni Watasema na Sikitu, majina uliyowapa makusudi ili majirani wayasikie ukiwaita jioni. Watasema alikuwa jike la kahawia, mpole ila mwizi wa mboga. Sikitu alikuwa dume la madoadoa, sikio moja limechanwa na ngedere shambani. Mjomba, mwanao pekee aliyebaki, alikuwa na ile Land Rover kuukuu ya kubebea korosho. Ulipomwambia habari ya kuzungusha mbwa alikubali bila ubishi, yeye ambaye kukubebea gunia moja la mihogo hulalamika mpaka Krismasi.

Lo, mtaa ulivyotucheka! Mama Zuhura alitoka na mwiko mkononi. "Jamani njooni muone maajabu! Sisi hata Lindi hatujafika, mbwa wanapanda gari!"

"Panda na wewe," ukamjibu toka dirishani. "Nyuma kuna nafasi, ila usiwang'ate."

Nilikaa nyuma na mbwa, juu ya magunia matupu. Kwanza tulikwenda kwenye uwanja wa ndege wa zamani. Mbuzi walikuwa wanakula majani katikati ya njia ya kurukia, na Watasema na Sikitu wakawakimbiza mwanzo hadi mwisho, wewe umeshika kiuno unacheka. Ukaniambia ndege ya kwanza kuiona maishani uliiona hapo, ukajificha nyuma ya Babu, na Babu akajificha nyuma ya pipa. Kisha tukaenda kuliona tuta la reli. Reli yenyewe ilishang'olewa kabla mimi sijazaliwa, limebaki tuta tu watu wanapita na baiskeli. Ukavua viatu ukatembea juu yake. Mbele kidogo, kwenye pori lililokuwa mashamba ya karanga, lilikuwepo trekta la minyororo limeoza, mti umeota ndani yake. Sikitu akalinusa akanyanyua mguu.

"Mkojolee!" ukampigia makofi. "Mkojolee vizuri, alimtesa babu yenu huyo!"

Mjomba alicheka mpaka akaegemea gari. Mimi nilicheka pia, halafu nikakumbuka tunafanya nini pale, kicheko kikakatika.

Pale ilipokuwa kambi ya wapigania uhuru hukutania. Ulitaka tu kuona. Ukasema vijana wa kwenu walikaa hapo wakijifunza vita, nawe ulikuwa unawauzia mihogo ya kuchemsha, na baadhi yao ukawa unawapa bure kwa sababu walikuwa na umri wa mama yangu. "Nchi waliipata," ukasema. "Basi na mimi nikaione." Niliposikia hivyo nikamkumbatia Watasema shingoni, akaniacha nimlilie, kisha akaniibia kipande cha muhogo mfukoni.

Toka hapo nilidhani tutashika njia ya Masasi, maana ndiko wanakopita wanaokwenda mtoni. Mjomba akakunja kuelekea Ruangwa. Ukasema unataka kuiona milima mara ya mwisho, umuage na mtani wako kule Nandagala, halafu tushuke Nanganga kwenye lami upate lori. Tukapanda, tukashuka, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Kila penye mandhari nzuri ulimwamuru Mjomba asimame. Mbwa walishuka, wakanywa maji ya kijito, wakajigaragaza. Wewe ulikuwa unaangalia milima ile ukitikisa kichwa na kusema, "Pazuri, pazuri kweli." Nilitamani pawe pabaya. Au nilitamani pawe pazuri zaidi, ushindwe kuondoka, sijui.

Tukafika Nandagala kwa Mzee Chinduli. Kazi ya karanga ilipokufa, yeye ndiye aliyewagawia wewe na Babu shamba la kuanzia, na hamkuwahi kusema naye neno la adabu hata siku moja, kwa kuwa yeye Mmwera na wewe Mmakua. Watani hao. Wanaweza kutukanana hata msibani. Na mtani akikushikia kitu chako, ni mwiko kukasirika na ni mwiko kukichukua kwa nguvu. Unakikomboa kwa sharti analotaka yeye, vinginevyo aibu ni yako na ya kabila lako zima.

"Mmakua huyo! Fungieni kuku!" akapiga kelele kabla gari halijasimama.

"Kuku mmewapata lini, nyie si mnakula panya?"

"Tunakula panya, mmoja amekuja na gari." Akachungulia nyuma. "Na hawa mbwa mnawapeleka harusini?"

"Nimekuja kukuaga, Chinduli. Narudi kwetu."

Mzee akakutazama, akanitazama mimi, kisha akaja nyuma ya gari, akafungua kamba na kuwashusha Watasema na Sikitu. Tulidhani anawaaga. Akawaongoza mpaka kwenye banda la mbuzi, mbuzi wakatoka mbio, akawaingiza, akafunga mlango, akauegemea.

"Hawa nimewashika."

Watu walioanza kujaa wakapiga vigelegele. Ukaweka mikono kiunoni. "Sema basi, mchawi wewe. Unataka kuku? Unataka chumvi?"

"Nataka debe la mbaazi. Lakini ziwe mbaazi za shamba lako wewe, ulizozipanda kwa mkono wako wewe, za msimu ujao. Za kununua sipokei. Za kutumiwa na mwanao sipokei."

Ewe Bibi, ulivyomtukana mzee wa watu! Ulianza na meno yake ukaishia kwa marehemu mjomba wake. Yeye anacheka tu, mgongo mlangoni. Mimi nilikuwa nimesimama sijui nicheke au nilie, Mjomba anakagua tairi ambalo halikuwa na kasoro yoyote. Mwishowe ukapanda gari ukabamiza mlango. "Twende Nanganga!" Sikitu alilia toka bandani mpaka tukapinda kona.

Nanganga tulilikuta lori limeshajaa watu na mizigo, na tandiboi anagonga bodi: "Bibi, panda, tunaondoka!" Mjomba akakupakilia mzigo wako juu. Ukashika chuma cha lori. Sijawahi kuogopa vile, Bibi, hata nilipokuwa najifungua sikuogopa vile. Nilikuwa nautazama mguu wako.

Mguu haukupanda.

"Nishushie mzigo wangu," ukamwambia tandiboi.

"Bibi, umesahau kitu?"

"Nina mbwa wangu kwa Mmwera. Mmakua gani anavuka mto huku mtani kamshikia mali? Kule kwetu watanicheka mpaka nife. Acha nikapande mbaazi kwanza."

Nilikaa chini palepale kwenye lami ya moto nikalia kwa sauti, mpaka tandiboi akashuka kuangalia kama nimegongwa. Ukanivuta mkono. "Inuka, mke mwenzangu, unachafua sketi ya shule." Sketi gani ya shule! Nilikuwa nimevaa gauni.

Ulipanda mbaazi. Ulipompelekea debe, Mzee Chinduli akazionja akasema zina chumvi ya machozi ya Mmakua, akaongeza sharti la msimu mwingine. Baadaye mbwa walirudi wamenenepa, na habari ya kuondoka haikuzungumzwa tena. Mdogo wako alipokuja kukuona baada ya miaka ukamsimulia mkasa mzima, naye akapigapiga mapaja kwa kucheka. "Mtani akikushika, utafanyaje?" akasema.

Lakini mimi nilikuwa na mwiba, Bibi. Kadiri nilivyokua nilikuwa nakuona umekaa uani, uso umeuelekeza kusini, unaimba kwa Kimakua taratibu. Nikawa najiambia, tumemfunga. Angekuwa kwao saa hizi, kwenye nyumba ya mama yake, kama si ukaidi wa mzee mmoja na machozi ya mtoto. Siku moja nilikuuliza kama unajuta. Ukasema, "Mboga inaungua." Nikaondoka na jibu hilo, nikalibeba hadi kwenye kaburi lako.

Sasa sikia ya jana. Mzee Chinduli alikuja, kashikwa mkono kwa sababu macho yamekwisha. Kama mtani, ana haki yake msibani. Akajilaza mlangoni akakataa watu wasipite mpaka apewe kiti, na alipopewa akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Mmakua huyu alikuwa mwongo namba moja wa wilaya mbili! Mnasema nilimshikia mbwa? Alinituma mwenyewe! Kabla ya safari alimtuma huyu mwanawe kwangu. Akaniambia, mama anasema, akija kukuaga, mshikie mbwa, na uweke sharti gumu. Hata hizo mbaazi ni zake. Mimi nilitaka mbuzi!"

Bibi! Uwanja mzima ulilipuka. Watu waliokuja kulia wakawa wanashikana mabega kwa kucheka. Mjomba alijifunika uso na kofia, mabega yanatikisika, mtu mzima na mvi zake.

"Nikamuuliza, kwa nini hasemi tu kuwa hataki kwenda?" Mzee akaendelea, safari hii kwa upole. "Jibu likaja: ndugu akikuita huwezi kumkatalia. Lakini mtani akikuzuia, hata mama yako kaburini atacheka."

Na kweli, nani anakwenda Masasi kwa kupitia Ruangwa? Nimesoma mpaka chuo cha ualimu, nafundisha jiografia, na sikuwahi kujiuliza.

Nimepumua, Bibi. Sijui nikuelezeje zaidi ya hapo. Hatukukufunga. Ulijifunga mwenyewe, ukakaza fundo, ukatukana watu kwa kukufunga.

Watu walipopungua nilimbana Mjomba. Kwa nini hamkuniambia? Nimeteseka miaka yote hii, ninyi mnajua? Akaacha kucheka. Akasema ulimwapisha. Ulimwambia, "Huyu mtoto asijue kuwa nimebaki kwa ajili yake. Akijua, siku yake ya kuondoka ikifika, atabaki kwa ajili yangu."

Nami niliondoka, unakumbuka. Nilikwenda Songea kusoma, nikapata kazi hukohuko, nikaolewa hukohuko. Siku ile ulinisindikiza stendi, ukanitania mbele ya abiria kuwa unamwondoa mke mwenzako ili ubaki na kaburi la Babu peke yako. Basi likaondoka nikiwa nacheka, wala sikugeuka nyuma.

Pumzika, Bibi. Nimeshajua, na nilishakwenda.

Mke mwenzio