Siku ya Tisa ya Novena

Nshamba, 14 Juni 1938

Dada yangu Ephrasia,

Natumaini huko Nyanga mko wazima. Sisi tupo. Yule mbuzi uliyempa mama amezaa mapacha, na kahawa mwaka huu ni nyingi. Mwanangu Joviana aliugua homa, ila sasa anakula ndizi kama mtu aliyetoka kulima.

Homa yenyewe ilikuwa mbaya, dada. Mimi katekista, ninayewafundisha wenzangu kumtegemea Mungu, nilianza novena, sala ya siku tisa mfululizo. Siku nane nilipiga magoti kigangoni, katika kanisa letu dogo, hata yakachubuka. Siku ya tisa, nikiwa njiani kwenda kusali, mvua ikaanza ghafla. Nikarudi mbio kuokoa kahawa iliyoanikwa kwenye mikeka. Nilipokwisha kuiingiza ndani nikakumbuka kwamba novena imekatika. Nikalia, nikijua nimemuua mwanangu.

Nilipoingia chumbani, nilimkuta Joviana ameketi kitandani, mwili umepoa, anaomba uji.

Watu wanasema ni sala zangu, nami sijawaambia kwamba novena ilikatika. Lakini kinachonichanganya ni kingine. Pale mlangoni, kabla ya furaha, nilisikia uchungu, kama fundi aliyekuta nyumba yake ya msonge imeezekwa bila yeye. Sasa siku zote zile nilikuwa namtegemea nani?

Jana nilirudi kigangoni kumalizia siku ya tisa. Nilipiga magoti, nikaanza sala mara tatu bila kuimaliza. Joviana, aliyekuwa amenifuata, akaniuliza, "Tata, umeshamshukuru Mungu?"

Nikamwambia ndiyo.

Ndugu yako,
Karugendo