Kuku Wananywea Kikombe cha Mzee Boga

Kwako Bi Chiku wa gazetini, salamu nyingi, na baada ya salamu nakuomba unitegee sikio kwa upole, kwani jambo langu ukilisikia kwanza utacheka, na ukishacheka utanihurumia, na hiyo huruma ndiyo niitakayo.

Mimi naitwa Mwero, mtu wa Tiwi, kazi yangu ni kuwabebea Wazungu fimbo zao katika kiwanja kidogo cha gofu upande wa Diani, na kila mwisho wa mwaka mabwana hutuazima fimbo hizo tukashindana wenyewe siku mbili, na atakayeutia mpira katika mashimo yote kwa mapigo machache kuliko wenzake hupewa kikombe cha fedha. Mwaka huu wa 1956 nilikuwa na haja kubwa kuliko kikombe, maana nilikwisha kumtuma mshenga kwa Mzee Boga, mkubwa wetu sisi wabebaji, kumposa bintiye Mwanapili, naye mzee akajibu, "Mashindano yaishe kwanza, nimtazame mtu mwenyewe."

Basi siku ya kwanza, Bi Chiku, mkono wangu ulikuwa na baraka, nikamaliza nimewaacha wote nyuma kwa mapigo sita, na aliyenifuata ni nani kama si Mzee Boga mwenyewe na goti lake bovu, kwa hiyo siku ya mwisho tukapangwa kucheza pamoja, mimi na yeye, na Tiwi nzima ikaja kutazama, na Bi Esha mamake Mwanapili amekaa mbele ya watu na leso mpya, na nilipomwona tu nikaanza kutetemeka. Mpira wa kwanza ukaingia katika miti ya mikanju, wa pili mchangani, nikaupiga humo mchangani mara moja, mbili, tatu, mchanga ukiniingia mdomoni, na mzee anakwenda zake polepole, anaugonga wake kidogo kidogo nao unanyooka, mpaka shimo la mwisho tukawa sawasawa, yeye akautia wake, na wangu uliobakia hatua moja tu, ambao mtoto angeutia kwa kidole cha mguu, nikaukosa.

Hapo Bi Esha akapiga kigelegele, akasema, "Mwaiona adabu hiyo? Kijana amemwachia mkwewe!" Na mimi, badala ya kusema hapana mama, nimeshindwa, nikainamisha kichwa na kutabasamu kama bwana harusi.

Tangu siku hiyo, wallahi, sijapata kuona kushindwa kutamu namna hii, maalim wa chuo cha Kurani amenitaja kwa wanafunzi wake kuwa ndiye kijana wa kuigwa, nikipita dukani naitwa kunywa kahawa, mama yangu hana hadithi nyingine kwa majirani, na Mwanapili aliponiuliza, "Kweli ulimwachia baba?" nikamjibu, "Mkubwa ni mkubwa," akacheka kwa haya, na kicheko kile siwezi kukusimulia.

Lakini Mzee Boga amekasirika. Mshenga amemrudisha na maneno haya: "Kamwambie mimi sikuomba sadaka, na binti yangu simpi mtu anayenionea huruma." Kile kikombe amekiweka uani, kuku wananywea maji. Nikimwamkia shikamoo, huitikia marahaba akiwatazama kuku.

Sasa nifanyeje? Nikisema kweli nitachekwa kutoka Tiwi mpaka Munje, Bi Esha atanitoa moyoni, Mwanapili ataniona mwongo, na nikinyamaza mzee hanipi mke. Nimefikiri kumwomba turudie mchezo, na safari hii nimwachie kwa kweli, ili maneno ya watu yasiwe uongo tena. Rafiki yangu Chirau asema hilo ni shauri la busara. Wewe waonaje?

Mwero, Tiwi

*

Mwanangu Mwero,

Nimecheka kama ulivyosema. Huruma nimekutilia kidogo, usiimalize yote mara moja.

Gofu mimi siijui. Nawaona Wazungu wakiupiga mpira ukaenda mbali, kisha wakaufuata kwa miguu juani, nami hujiuliza kwa nini wasikae nao karibu. Lakini mzee wako namwelewa sana. Mtu anabeba fimbo za wenziwe mwaka mzima, akingoja siku mbili apige yeye. Siku zikafika, akapiga, na goti lile, akamshinda kijana aliyemtangulia kwa mapigo sita. Alistahili arudi nyumbani akipigiwa vigelegele. Na kigelegele kikapigwa, kweli, ila cha kwako wewe, tena kwa kinywa cha mkewe! Hata ningekuwa mimi, kuku wangekinywea.

Wewe wasema ulishindwa kiwanjani. Hapo hukukosa lolote, mkono hutetemeka. Ulipokosa ni pale ulipoinamisha kichwa. Watu wanasema umemwachia mzee kikombe, kumbe umemnyang'anya, na kahawa ya bure unainywa juu yake. Hiyo si adabu. Adabu ni kumpa mkubwa haki yake, na haki ya huyu ni kusemwa kwamba ameshinda. Wazee walisema, nanyi mnisamehe, nguo ya kuazima haisitiri matako. Sifa hiyo uliyoivaa si yako, na mwenyewe anakutazama kila asubuhi.

Ati mrudie mchezo, umwachie kwa kweli! Huyo Chirau mwambie akawashauri mbuzi. Mzee ameona mipira mingi kuliko siku zako, atakujua kabla mpira haujatua. Sasa hivi anadhani umemwonea huruma. Ukifanya hivyo atakuwa na hakika.

Basi sikiliza. Anza kwa Mwanapili, maana yeye alikuuliza wazi nawe ukamjibu kwa mafumbo. Mwambie, "Sikumwachia babako, alinishinda." Asilisikie kwa watu. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki. Kisha Ijumaa, watu wakitoka kuswali wakiwa bado wapo barazani, na mzee mwenyewe yupo, simama useme, "Mzee Boga alinishinda. Nilitaka kushinda kwa nguvu zangu zote, nikashindwa." Ukimaliza hapo ufunge mdomo. Usiongeze habari za leso mpya wala mchanga wala mtetemeko, kwa sababu kila udhuru utakaoutoa utampunguzia mzee tena.

Watacheka. Cheka nao. Kicheko cha Tiwi hakijamvunja mtu mbavu, na baada ya wiki mbili watapata mwingine wa kumcheka. Bi Esha naye usimwogope. Mwanamke mwepesi wa kigelegele hivyo hana moyo mbaya, na anacho kigelegele kimoja cha kumlipa mumewe.

Mshenga usimtume haraka. Pita kila asubuhi kwa Mzee Boga, toa shikamoo yako, kisha utupie jicho uani. Siku utakayowakuta kuku wananywea kigae, kikombe kimeingia ndani, usiulize neno. Rudi nyumbani ukamwamshe mshenga.

Bi Chiku