Abiria Wasiopanda Basi

Ijumaa, 3 Februari 1995

Tumehamia Kolo, kijijini! Naandika nikiwa juu ya gunia la alizeti, na mume wangu — mume wangu! — anapiga mswaki nje huku anaimba. Ndoa ina wiki tatu. Kwetu Makole, Dodoma mjini, nimeacha umeme, bomba na dada zangu. Hapa nina taa ya chemli, panya, na Anyitike. Sijutii hata kidogo. Kampuni inayonunua alizeti imempa Anyi ukarani, ila nyumba haikumpa. Imetupa kona ya ghala. Tukigeuka kitandani, magunia nayo yanageuka. Mapenzi matupu!

Lakini leo tumeonyeshwa nyumba. Mzee Ibrahimu anapangisha upande wa mbele wa nyumba yake. Vyumba viwili, jiko, na dirisha la kioo linalotazama vilima. Nimeshachagua rangi ya pazia. Mzee ni mkali. Anasema hataki mpangaji wa kutafunatafuna mchana mbele ya wajukuu zake mwezi huu mtukufu. Atatoa jibu Idi, maana Nikodemo fundi redio naye anavitaka.

Na hapo Anyi wangu, Mmoravian wa Tukuyu, baba yake mzee wa kanisa, akasema: "Hata sisi tunafunga, Mzee."

Hakuna aliyemuuliza!

Jumatatu, 6 Februari

Tunafunga. Nilimuuliza Anyi kwa nini alisema vile. Akajibu kwamba aliniona ninavyolitazama lile dirisha, ulimi ukatangulia. Mtu utamkasirikiaje mume kama huyu? Nikambusu. Njaa ilikuja baadaye.

Kukiri sasa hakuwezekani. Kila magharibi Bi Batuli, mke wa Mzee, anatuletea futari: uji wa pilipili manga, viazi vitamu, tambi. "Mungu awatie nguvu, wanangu." Ukishakula tambi za mtu utarudije kumwambia ulimdanganya? Kupika mchana nako siwezi, moshi wa ghalani unaonekana mpaka msikitini.

Anyi anasema haoni njaa hata kidogo. Shujaa! Nami nikasema sioni. Tumbo likasema lake, kwa sauti.

Jumanne, 7 Februari

Nimefanya jambo. Ee Mungu, nimefanya jambo!

Pale barabarani ipo hoteli ya Bi Mishi. Bati juu, mabenchi mawili, kalenda ya mwaka juzi ukutani. Mwezi huu ametundika khanga mbili mlangoni, maana basi la Arusha linasimama pale mchana, na msafiri halazimiki kufunga. Anayepita nje hamwoni anayekula. Basi nikachukua begi langu jekundu la harusi, nikatia mto wa kulalia ndani lionekane limejaa, nikajichanganya na abiria.

Ndani moshi, joto, watu wanagombea ndoo ya kunawia. Bi Mishi anapaza sauti: "Ugali maharage! Ugali mbuzi! Wali umekwisha!"

Abiria mmoja akauliza umekwisha saa ngapi.

"Mwaka juzi, baba. Kaa."

Ugali mbuzi na mlenda! Sahani ya bati imebonyea, chumvi iko kwenye kifuniko cha kopo, kijiko hakuna na hakihitajiki. Sijawahi kula chakula kitamu namna ile, hata siku ya harusi. Honi ikapigwa, konda akaita, abiria wakatoka mbio wengine na minofu mkononi. Hoteli ikabaki tupu. Nikabaki mimi na mfupa wangu.

Na bwana mmoja benchi la pili. Amenipa mgongo, begi katikati ya miguu. Ule mgongo naujua. Ule mgongo nimeapa kuupenda mpaka kifo, mbele ya mchungaji.

"Evo," akasema bila kugeuka, "mfupa hunyonywa hivyo na mtu mmoja tu duniani."

Tulicheka mpaka Bi Mishi akatutishia mwiko. "Chekeni kisafiri! Nje kuna watu."

Ijumaa, 10 Februari

Kila siku sasa. Anaingia yeye, naingia mimi. Benchi moja, sahani moja. Vipande vya ini ananisogezea upande wangu. Wengine fungate walikula Zanzibar. Sisi yetu iko nyuma ya khanga mbili, na inzi wetu. Bi Mishi katupa jina. "Wa Babati, leo mtafika kweli?" Anasema hatatutangaza. Akiuza umbea, chapati atamuuzia nani?

Jumatano, 15 Februari

Mvua. Basi lilikwama tope, likachelewa sana. Nusura tufunge kweli!

Nikodemo kaonekana anatafuna muwa hadharani. Naliona dirisha!

Bi Batuli analalamika kwamba futari tunaionja tu. "Vijana mmeshinda na njaa, mnakula kama wageni!" Nikasema utumbo umesinyaa kwa mfungo. Akanitazama kidogo. Kisha akasema hata mzee wake ndivyo alivyo mwaka huu, anaonja uji, anauacha. Ibada imemshika, maskini.

Jumatatu, 20 Februari

Niandike kwa utaratibu.

Mchana basi lilikuja limejaa. Kwenye kona yenye giza, karibu na mafiga, alikaa mzee mmoja wa koti la mvua, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi, kikapu miguuni. Anakunywa supu polepole. Honi. Abiria wakatoka. Sisi hatukutoka. Mzee naye hakutoka.

Tukabaki watatu na inzi.

"Basi linawaacha," akasema yule mzee.

Sauti ile! Sauti ya "kutafunatafuna"! Nikaona dirisha langu linaota mbawa. Anyi akasimama, mlenda unamning'inia vidoleni. "Shikamoo, Mzee Ibrahimu."

"Marahaba."

Na mume wangu, yule yule wa ulimi kutangulia: "Na lako pia limeondoka, Mzee."

Nilitamani ardhi ipasuke! Mzee akatoa vidonge mfukoni, akameza viwili kwa maji.

"Langu la saa nane," akasema. "Nyie mnakwenda wapi?"

"Babati."

"Mimi Dodoma." Akavitazama vile vilivyobaki kiganjani. "Vidonda vya tumbo. Daktari amenikataza kufunga. Ila bibi yenu hajui. Ninavyowasema watu mimi, ningeanzia wapi kumwambia?"

Nikataka kumpa pole. Sikuwahi. Nje ikasikika sauti ya Bi Batuli mwenyewe: "Mishi! Hujamwona mzee wangu huku?"

Mzee akashusha kofia mpaka kidevuni.

"Humu wasafiri tu, dada," akajibu Bi Mishi.

"Wasafiri gani, na basi limeondoka?"

"Wa la saa nane!"

Tukasikia kandambili zikienda zake. Mzee akapumua ndani ya kofia. "Vyumba ni vyenu," akanong'ona. "Leo hii. Idi ya nini?"

Jioni, siku hiyo hiyo

Bi Batuli kaja. Futari mkono mmoja, ufunguo mkono mwingine! Kasema Mzee amekiri hajapata kuona vijana wenye moyo kama sisi. Nimemkumbatia mpaka uji ukamwagika. Dirisha! Vilima! Anyi kanibeba juu juu, tukamwangusha panya.

Bi Batuli akiwa anatoka, akaliona begi jekundu mlangoni.

"Zuri hili. Niazime kesho mchana, mwanangu."

Nikamuuliza kama ana safari.

"Karibu tu hapo. Alasiri nitakuwa nimerudi." Akalibonyeza. Likabonyea. Akanitazama, akatabasamu kidogo. "Na mto uache humo humo."

Kaondoka. Anyi na mimi tumebaki tunatazamana. Anakwenda kumfumania mzee wake? Au naye ana basi lake? Anyi anasema tumwonye Mzee, ametutendea wema. Mimi nasema aliyetulisha mwezi huu ni Bi Batuli. Na kama naye anaumwa na hawajaambiana? Wameoana miaka arobaini, kila mmoja na khanga yake! Nimemwapisha Anyi: sisi, tukiona njaa, tutaambiana.

Ufunguo ninao kiganjani. Begi liko mlangoni, mto ndani. Mtu anakohoa nje — kikohozi cha Mzee. Anabisha hodi. Anauliza kama kesho mchana anaweza kuazima begi letu la safari —