Mama Haendi Korogwe

Pongwe, Tanga
Ijumaa, 14 Machi 2025

Mpendwa kaka Alexander,

Shikamoo kaka. Habari za Sumbawanga? Wifi Leticia hajambo? Na watoto, bado wanakohoa na baridi ya huko kwenu? Sisi huku joto linatuoka. Kaskazi ya mwaka huu imekuja na hasira. Mchana bati linalia, kuku wanatembea midomo wazi, na mimi kamera inaniteleza mkononi kwa jasho. Lakini wazima tupo. Mama mzima. Narudia, usije ukaruka mstari: mama mzima.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi, kama enzi za baba. Sina njia nyingine. Baba mdogo Fanueli amenitoa kwenye grupu la ukoo, na wewe nikikupigia hupokei. Karatasi haina kitufe cha kuikata, kwa hiyo kaa chini usome mpaka mwisho.

Neno lako la mwisho nililoliona kwenye grupu ni lile, "Ritha, mwache mama apumzike." Nililisoma nikiwa Muheza, nimesimama juani napiga picha za harusi ya watu. Liliniuma kaka. Ya baba mdogo niliyategemea. Yako sikuyategemea.

Sasa nikueleze mwenyewe, maana wewe umesimuliwa na watu ambao hawakuwepo, na mmoja aliyekuwepo akasimulia vibaya.

Mwezi wa kwanza mama alikwenda kupima presha, daktari akamwambia atembee. Mama akarudi nyumbani akasema kutembea barabarani Pongwe huku malori yanampulizia moshi hawezi. Kama ni kutembea, atatembea kwenye hewa. Mimi sikumshawishi. Nilimkuta asubuhi amefunga kilemba, amevaa raba zangu za zamani, ananiuliza gari la Muheza linaondoka saa ngapi. Nikachukua kamera nikamfuata. Hivyo ndivyo kiangazi chetu kilivyoanza.

Tulianza na mlima wa Magoroto. Mimi nikajisahau nikawa napiga picha za miti na ukungu. Mama akasimama mbele ya kamera mikono kiunoni: "Miti haina haraka, Ritha. Nipige mimi." Kuanzia siku hiyo nikajua kazi yangu ni ipi. Kule Amani tulinyeshewa hadi kwenye mifupa, nikampiga anakamua kanga pembeni mwa shamba la chai, anacheka kama msichana. Wewe umeshamwona mama akicheka hivyo tangu tumzike baba? Mimi sijawahi.

Na si milimani tu. Nyumbani nako nampiga. Nimempiga anagombana na jogoo wa mama Mwamvua, jirani yetu, aliyeingia kwenye unga. Nimempiga amesinzia barazani, miwani imeshuka puani. Jana wamekaa wote wawili wanamenya mihogo ya futari ya mama Mwamvua. Mama hafungi, lakini kila ikifika Ramadhani anahamia jikoni kwa jirani kama ilivyo kawaida yao. Mtu wa namna hii ndiye mnayetaka apumzike. Apumzike na nini?

Mwisho tukaenda Mtae, kwao. Mtoto wa mjomba, Luka, alitusindikiza. Kaka, ungemwona. Kina mama wa sokoni walipomsalimu kwa Kisambaa, "Onga mshi," aliitikia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia nyumbani kwetu, sauti ya mtu aliyerudi kwake. Akanunua peasi, akazila njiani bila kuosha, mwanamke aliyetuchapa sisi kwa kosa hilohilo. Akapanda mpaka ukingoni, pale ambapo ukitazama chini unaiona nyika yote ya Mkomazi. Pale pumzi ikamkata. Sikufichi. Alikaa kwenye jiwe, akahema, akanywa maji, akanisema kidogo kwa kumpandisha, wakati ni yeye aliyekuwa mbele. Halafu akaangalia chini, akacheka. Nikapiga.

Luka akampigia simu baba mdogo Korogwe kwamba mama ameanguka mlimani. Hakuanguka. Alikaa.

Jioni nilipomwonyesha picha ile mama aliisogeza karibu na miwani. Akasema, "Hii ndiyo itakayotangulia mbele yangu." Nikamwuliza kama nimwandikie hivyo kwenye grupu. Akasema andika, na usipunguze neno. Nikaandika. Yaliyofuata uliyaona: mara namchuria mama, mara nimeleta uchuro kwenye ukoo, mara kamera imenipanda kichwani, kisha nikatolewa.

Uchuro! Naomba tukumbushane, kaka. Baba alipokuwa amelazwa nilitaka kumpiga picha. Siku ile alikuwa amekaa kitandani, amenyoa, anakula papai. Baba mdogo akaniwekea mkono kwenye lenzi, akasema mgonjwa hapigwi picha, ni kumwita kaburini. Nikatii. Baba akafa hivyohivyo, bila picha. Siku ya maziko ikabidi watoe ile ndogo ya kitambulisho, wakaipeleka stesheneri, na kijana wa kompyuta akamvalisha baba suti ya bluu na tai nyekundu. Baba yetu, aliyekata mkonge maisha yake yote na hata kwenye kipaimara chako alikuja na shati la mikono mifupi! Kifua cha mtu mwingine, kichwa cha baba. Na aliyeibeba mbele ya jeneza, nyuma ya msalaba, ni wewe, mtoto wa kwanza. Wazee wa shambani walisimama mlangoni wakaulizana kama wamekosea msiba. Nilikuona ulivyoigeuza ile picha ikaangalia kifuani kwako. Hatujawahi kulizungumza. Leo nalizungumza.

Mimi ni mpiga picha. Naingia kwenye sherehe za watu wasionijua nawatoa wakiwa wazuri. Mama yangu hatavalishwa suti.

Juma lililopita tuliisafisha picha, tukaenda Ngamiani kwa Sele, fundi fremu. Sele akaitazama, akaanza kutupa pole kwa sauti ya chini. Akaniuliza, "Marehemu ni nani wako, dada?" Kabla sijafungua mdomo mama akasogea kaunta: "Marehemu ndiye mimi. Na kioo weka kinene, mwanangu, sitaki kupasuka njiani." Sele akashika kichwa, "Lahaula! Mama, mimi nimefunga, usinichezee!" Tukacheka mpaka wapita njia wakasimama. Ndiyo uchuro wenyewe huo, kaka.

Sasa tuje kwenye lililonifanya nishike kalamu. Baba mdogo amempigia mama kwamba Jumatatu ya Pasaka anakuja na gari kumhamishia Korogwe. Amemwandalia chumba cha uani na televisheni, na geti linafungwa, asije akazurura. Anasema hana neno na mimi, anasubiri ruhusa yako tu, kwa kuwa wewe ndiye mkubwa. Ukisema ndiyo, mama atakwenda. Si kwa kutaka. Atakwenda kwa sababu hajawahi kukukatalia kitu. Atakaa kwenye kile chumba, ataitwa amepumzika, na mtamwua kwa upole.

Mimi siombi ruhusa. Nakwambia tu kwamba siku hiyo nitakuwa nimekaa mlangoni, na kama ni kupandisha mtu kwenye gari, waanze na mimi. Baba mdogo namheshimu, shikamoo yake ataipata. Mama hatampata. Na siku pumzi itakapokata kweli, ikatie Mtae, Amani, au hapa barazani anapogombana na jogoo. Naogopa, kaka, usidhani siogopi. Kila anapoinama kufunga kamba za viatu namsikilizia. Lakini woga wangu sitamfungia yeye getini.

Nakala ya picha nimeiweka humu ndani. Mama anasema uitundike sebuleni sasa hivi, uizoee yeye akiwa hai, ili siku ya kuibeba usiigeuze. Kisha njoo Pasaka, useme neno lako mbele yake.

Msalimie sana wifi Leticia, nakumbuka uji wake wa ulezi. Watoto wabusu wote. Mama Mwamvua anakusalimu, anasema umekuwa mgeni. Mungu akulinde katika safari, akufikishe kwenu ukiwa na moyo uleule tuliokua nao.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, hata nikiwa nimekukasirikia,

Ritha

*

Alexander mwanangu, Ritha amenisomea yote, nimemwambia asifute kitu. Hapa naandika kwa mkono wangu. Picha ni yangu na nimeichagua mimi. Ukija Pasaka niletee raba mpya, namba unaijua. Hizi nimezimaliza soli.

Mama yako, Dorkasi