Kakakuona na Komba Asubuhi Moja Kisarawe

Mdogo wangu Zaina,

Nakusalimu kutoka Kisarawe, kwa binti yangu. Mvua imenyesha na ardhi inanukia.

Jana asubuhi kakakuona alionekana kwenye mihogo. Majirani wakafanya kama zamani: wakamwekea unga, maji na panga, tuone atachagua nini, tujue mwaka utakuwaje. Akajikunja, magamba nje, akawa kama boga. Nilimstaajabia, maana hata simba hawezi kumfungua.

Tukiwa tunamngoja, mgema akashuka mnazini na komba mkononi, komba mwenyewe amelewa tembo chakari.

"Mzee, mteja wangu huyo! Kamaliza kibuyu kizima na hana hata aibu!"

Akamlaza mapajani pangu, chali, manyoya laini kama pamba. Vidole vyake, vidogo kama vya mtoto mchanga, vikanishika kidole gumba visitake kuniachia.

Kakakuona alipojikunjua, aliupita unga, akayapita maji na panga, akaenda zake kula mchwa.

"Basi mwaka huu hatuna!" binti yangu akasema, tukacheka wote.

Zaina, nilipokukataza kuja na wajukuu nilisingizia joto. Ukweli ni kwamba daktari hakunificha, siku zangu ni chache, na sikutaka mnione ninavyonyanyuliwa kitandani. Nilijikunja.

Njoo nao wote. Komba alinishika bila kuuliza mbona nimekonda. Nao waje wanishike.

Mungu akutunze, mdogo wangu.

Kaka yako,
Idi