Firigisi ya Baba

Jumatatu, 3 Juni

Nimeanika tena mkate juani ili nipate chenga. Hapa Itigi chenga za mkate hazinunuliwi, unasugua mwenyewe. Upepo umepeperusha nusu, kuku wamekula. Kuleni tu, zamu yenu inakuja.

Baba karudi shambani, kafunua sufuria ya maharage, kamuuliza Mama: "Nani kapika?" Mama akasema ni mimi. Baba akarudisha mfuniko, akaenda kulala na njaa yake. Tangu nirudi nyumbani mwezi wa nne ni hivyo hivyo. Mtu mzima anasusa maharage kwa sababu miaka sita iliyopita niliacha chuo cha ualimu nikaenda Dodoma kumpikia mama wa Kijapani.

Nimechoka. Alhamisi nampikia kile kile nilichokiachia ualimu: kidari cha kuku cha kukaanga ndani ya mkate. Wenyewe wanaita katsu sando. Akisusa na hicho, napanda basi la Jumatatu na sirudi.

Jumanne, 4 Juni

Mama kagoma kutoa kuku. Huyu anatotoa, yule wa mbegu. Nimenunua jogoo kwa jirani. Kienyeji, miguu mirefu, jeuri. Kanidonoa kidole.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeharibu.

Kidari nilikiponda kwa mchi wa kinu mpaka jirani akachungulia kuuliza nani anapigwa. Unga, yai, chenga, mafuta ya alizeti yaliyochemka sawasawa. Rangi safi kabisa. Kabichi nyembamba. Nilipokata kingo za mkate Mama akaguna: "Chakula unatupa?" Nikaendelea kukata.

Baba alikaa. Mama alimwambia mapema kwamba nimepika mimi, na bado alikaa! Akaangalia sahani. Akainua mkate mmoja, akachungulia chini yake.

"Firigisi iko wapi?"

Firigisi nilimpa paka. Dodoma nilikuwa nanunua vidari vitupu vya dukani, miaka sita sijagusa tumbo la kuku. Nikasahau. Nyumba hii kuku akichinjwa, firigisi ni ya Baba. Mgeni awepo asiwepo, Mama awe mgonjwa, ni ya Baba. Kumnyima ni kumwambia hana heshima hapa.

Nikasema, "Kala paka." Kweli tupu. Mjinga mimi.

Akasimama. "Basi huyo paka ndiye baba yenu." Katoka nje.

Ijumaa, 7 Juni

Nimepanga nguo kwenye begi. Namchukia paka, amelala jikoni kashiba. Mama kala mikate miwili, halafu anasema kuku alikuwa mgumu, ningemchemsha kwanza. Hata yeye!

Kinyama kinachoenea kiganjani. Kwa hicho ndiyo niambiwe simheshimu mzazi. Na mimi sijawahi hata kukionja. Tulikua tukiambiwa mtoto wa kike hali firigisi. Kwa nini? Hakuna aliyewahi kutuambia. Nimemnyima mara moja kitu nilichonyimwa maisha yangu yote, na mwenye kosa ni mimi.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeanika mkate mwingine juani.

Jumapili, 9 Juni

Jogoo mwingine. Si kwa upendo, kwa ubishi. Nataka nikipanda basi kesho asibaki na la kusema.

Firigisi nimeipasua, nimeiosha, nimeichemsha saa nzima. Haya, Mama, nimekusikia. Nikaiponda ikawa bapa. Unga, yai, chenga, mafuta. Firigisi moja, kabichi kidogo, mkate usio na kingo. Nikamwekea mbele yake peke yake. Shikamoo niliitoa kwa meno.

"Marahaba. Nani kapika?"

Miezi yote hii alikuwa anamuuliza Mama. Leo kaniuliza mimi.

"Mimi."

Nikaenda zangu jikoni. Sikutaka kuona. Nikaosha sufuria iliyokuwa safi.

Jumatatu, 10 Juni

Jana sikumaliza kuandika.

Niliporudi kuchukua sahani, Baba alikuwa ameshaondoka kwenda kuangalia mizinga yake ya nyuki. Sahani ilikuwa imefunikwa kwa sahani nyingine. Nikafunua. Nusu ya mkate ilikuwa pale, imekatwa vizuri kwa kisu, na firigisi ndani. Nikajua kaonja, kasusa. Nikataka kumtupia paka.

Mama akanishika mkono. "Yako hiyo. Kakuachia nusu. Amesema usimtunzie mtu, ule mwenyewe."

"Amesema hivyo?"

"Amesema ule."

Nina miaka thelathini na moja. Niliila nimesimama, karibu na jiko, Mama akiangalia pembeni.

Basi la Dodoma limepita asubuhi, nimesikia honi yake. Begi bado sijalifungua.

Firigisi ilikuwa ngumu kidogo. Ilitaka nusu saa zaidi motoni.